Rangi ya kuku haikutoka ulivyotaka? Anza kumtafuta baba

Umemweka jogoo mweusi tii, umengoja siku zako 21, na chini ya koo wametoka vifaranga wenye michirizi, wawili wa manjano na mmoja mweupe. Kabla hujamfunga jogoo miguu kumpeleka sokoni, kuna maswali manne ya kujiuliza, na mpangilio wake una maana: baba ni nani hasa, kifaranga ana umri gani, anakula nini na anashinda wapi, kisha ndiyo damu. Wafugaji wengi huanzia swali la nne. Kwa maoni yangu nusu ya lawama zinazotupiwa damu zingeisha kwenye swali la kwanza, maana kuku wetu wa Unguja na Pemba hufunguliwa alfajiri na hurudi magharibi, na katikati hapo anajua mwenyewe alikokuwa.

Huhitaji vifaa vingi. Penseli, daftari la skuli, nyuzi za rangi za kufunga miguuni, na kizimba kimoja kinachofungika kweli. Zilizobaki ni subira na macho.

Vifaranga hawafanani kabisa na jogoo uliyemkusudia

Sababu ya kwanza ya kuishuku ni kwamba si wake. Jike la kuku lina vijifuko vidogo ndani ya mrija wa mayai ambamo mbegu za dume huhifadhiwa zikiwa hai. Akishapandwa anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili, na wengine hadi wiki tatu, bila kuonana na dume tena. Kwa hiyo ukimfungia mtetea Jumatatu na jogoo uliyemchagua, ukaanza kukusanya mayai ya kuatamisha Alhamisi, unayokusanya yanaweza kuwa ya jogoo wa jirani.

Dawa yake ni kumtenga jike na majogoo wote kwa wiki tatu, au mwezi mzima ukitaka kulala usingizi, kisha kumwingiza dume wako. Mayai ya kipindi hicho uyale au uyauze. Akishaingia dume, acha siku chache zipite ndipo uanze kuyaweka ya kuatamia. Huna haja ya kufungia kundi zima: jogoo mmoja na mitetea watatu au wanne wanatosha, na kizimba cha fito na wavu kinatosha, mradi juu pafunikwe. Jogoo wa mtaani akisikia majike ndani, ukuta wa kimo cha kiuno si kitu kwake.

Hapo hapo niseme neno juu ya imani moja niliyoisikia sana: kwamba jike akishapandwa na jogoo mbaya ameharibika maisha, kila atakachozaa kitabeba alama yake. Si kweli. Mbegu zikiisha zimeisha, na hazigusi kizazi kinachofuata.

Sababu ya pili ni mama. Majike hupenda kutaga mahali palipo na yai tayari, kwa hiyo tenga moja huwa na mayai ya watatu. Yai lako la kuku mwekundu linaweza kuwa la mwenzake mwenye madoa, na huwezi kulijua kwa kulitazama tu. Andika tarehe na alama ya mama kwa penseli mara tu yai linapotagwa. Kalamu ya wino mzito siipendi, gamba lina vitundu na wino unapenya. Ukiwa na shaka juu ya yai, usiliatamishe kwa kazi hii.

Ukishawajua baba na mama kwa yakini, na bado rangi ni ya ajabu, ndipo uteremke kwenye dalili zinazofuata.

Kifaranga si wa rangi ya wazazi siku anayototolewa

Mara nyingi hili si tatizo. Malaika ya kifaranga hayasemi kila kitu. Kifaranga atakayekuwa mweusi kabisa huzaliwa na tumbo jeupe na ncha za mbawa nyeupe, na wengi huwachinja au kuwagawa bure kwa kudhani wamechanganya. Weupe huo huondoka manyoya ya kwanza yanapoota. Kuku hubadilisha manyoya zaidi ya mara moja kabla ya kupata vazi la ukubwani, hivyo hukumu ya rangi ingoje miezi mitano au sita, pora anapoanza kuwika vizuri na tembe anapokaribia kutaga. Unaloweza kuliamua mapema ni mambo machache tu, na moja wapo, la milia, nitalifikia.

Weusi wana wekundu shingoni

Umechanganya mtetea mweusi na jogoo mwekundu. Majike waliozaliwa ni weusi wa kupendeza, lakini madume yana manyoya ya rangi ya dhahabu au damu ya mzee shingoni na kiunoni. Hapo kuna kitu cha kuelewa kuhusu rangi ya kuku kwa jumla: rangi zote unazoziona zinatokana na aina mbili tu za chembe za rangi, nyeusi na nyekundu. Nyekundu ikipunguzwa huwa dhahabu, machungwa au maziwa. Nyeusi ikipunguzwa huwa kijivu. Zote mbili zikizuiwa, unapata mweupe. Ufundi wote wa mapambo ni kuamua wapi nyeusi ikae na wapi ikome.

Jeni, ile chembe ya urithi anayopewa mtoto na mzazi, ikiwa ya weusi mtupu inatawala, lakini ikiwa moja tu, imetoka upande mmoja wa wazazi, haiwezi kuifunika nyekundu yote, hasa kwa dume, ambaye shingo na kiuno chake ndizo sehemu ngumu kufunikwa. Kwa hiyo madume ndiyo yanayokuambia ukweli. Majike weusi waliozaliwa na ndugu zao wenye wekundu shingoni wanabeba mchanganyiko huo huo, ila kwao haukujitokeza. Warudishe kwa jogoo mweusi asiye na doa, na katika kizazi kinachofuata chagua madume yaliyo safi kabisa. Ukichagua kwa kuangalia majike pekee, wekundu utakusumbua miaka.

Kuku mweusi mtupu na mwekundu mtupu wana wateja wao visiwani, na kila mtu anajua wanatakiwa kwa kazi gani. Sitaingia huko. Ninachosema ni kwamba mteja wa aina hiyo hufunua hadi chini ya bawa, na unyoya mmoja wa rangi nyingine hushusha bei.

Kijivu kwa kijivu, na bado wametoka weusi

Hapa hakuna kilichoharibika. Kijivu cha majivu, kile chenye ubuluu ndani yake, hakitengemai chenyewe. Kuku wa rangi hiyo ana jeni moja ya kijivu na moja ya kawaida. Wawili wakizaana, kwa wastani robo ya watoto ni weusi, nusu ni kijivu, na robo ni weupe wachafu wenye matone ya kijivu yaliyotawanyika bila mpango. Katika mayai 12 yaliyoanguliwa yote unatarajia 3, 6 na 3, ingawa bahati hucheza na idadi ndogo kama hiyo. Ukipata weusi 6 usianze kutafuta jogoo wa jirani.

Njia ya mkato ipo, nayo watu huitupa: wale weupe wenye matone. Mmoja wao akizaa na mweusi, watoto wote ni kijivu. Wote. Kwa anayeuza vifaranga vya kijivu, jozi hiyo ni bora kuliko jozi mbili za kijivu zinazopendeza machoni.

Mweupe ametoka kwa wazazi wa rangi

Weupe wa kuku uko wa namna mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakoleta ugomvi mwingi.

Namna ya kwanza ni weupe unaojificha. Kuku anaweza kuubeba bila kuonyesha, na babu zake wakawa weusi na wekundu kwa vizazi. Akikutana na mwenzake aliyebeba pia, robo ya watoto wao hutoka weupe. Kwa hiyo kifaranga mweupe kutoka kwa wazazi wa rangi ambao unawajua kwa yakini ni ushahidi dhidi ya wote wawili, baba na mama. Hakuna wa kumsingizia mwenzake. Kama huutaki weupe huo, wote wawili wasizalishwe tena pamoja, na ndugu wa rangi wa kifaranga huyo wachukuliwe kuwa washukiwa: wawili kati ya watatu wao, kwa wastani, wameubeba.

Namna ya pili ni weupe unaotawala, ule wa Leghorn mweupe, kuku wa kigeni wa mayai. Huu haujifichi. Jeni moja tu inatosha kuizima nyeusi, ila kwa nyekundu una nguvu ndogo. Ndiyo maana ukimchanganya kuku wa namna hii na wa kienyeji mwekundu mwenye mkia mweusi unaweza kupata kiumbe mwenye mwili mwekundu na mkia mweupe, au jogoo mweupe mwenye mabega mekundu kana kwamba amemwagiwa maji ya mkwaju. Ukiwaona hao, huna haja ya kuuliza zaidi.

Kama una jogoo mweupe na hujui ni wa namna gani, mpe mtetea mweusi ambaye hana weupe katika ukoo wake. Vifaranga wakitoka weupe wenye vidoa vyeusi hapa na pale, weupe wake unatawala. Wakitoka wote wa rangi, ni ule wa kujificha, na sasa wote wameubeba. Jaribio hili pia linaeleza kisa kinachowashangaza watu: mweupe kwa mweupe, watoto wa rangi. Wazazi hao ama wana weupe wa namna mbili tofauti, ama wana ule unaotawala lakini kila mmoja ana jeni moja tu, na robo ya watoto wameikosa.

Madoa yamepotea kizazi cha kwanza

Kuku mweusi mwenye ncha nyeupe kama alinyunyiziwa chokaa anapendwa sana, na akichanganywa na mweusi mtupu watoto hutoka weusi, pengine na unyoya mmoja mmoja wenye doa. Mtu hukata tamaa, anawauza. Madoa hayakupotea, yamejificha, kwa sababu jeni yake nayo inahitaji kuwa mbili ili ionekane. Chukua mabinti, warudishe kwa baba mwenye madoa au kwa jogoo mwingine wa aina yake, na nusu ya wajukuu watakuja na madoa. Kumbuka kwamba kuku wa madoa huzidi kuwa mweupe kila anaponyonyoka. Anayependeza kabisa akiwa na miezi sita atakuwa na weupe mwingi mno akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo kwa uzalishaji mimi hupendelea tembe anayeonekana ana madoa machache kidogo kuliko ninavyotaka.

Milia imekwenda kwa madume tu

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake linafaa kufahamika hata na asiyejali rangi.

Kwa binadamu baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili zinazofanana za jinsia, jike ana moja ya aina hiyo na moja fupi tofauti. Ile moja nzima ya jike huenda kwa watoto wake wa kiume peke yao. Mabinti hupata hiyo fupi kutoka kwake, na kromosomu nzima huipata kwa baba. Jeni ya milia myeupe na myeusi imekaa kwenye kromosomu hiyo nzima. Matokeo: mtetea wa milia akizaa na jogoo mweusi, wana wote wa kiume wana milia, na mabinti wote ni weusi. Jike hawezi kumrithisha binti yake milia. Hata umzalishe miaka kumi.

Kwa hiyo anayetaka tembe wa milia lazima aanze na jogoo wa milia. Kama jogoo huyo ana jeni mbili, watoto wote, wa kike na wa kiume, watapata milia hata mama akiwa mweusi. Kama ana moja, ni nusu kwa nusu. Utamtambua kwa macho: mwenye mbili ana weupe mpana na kwa mbali anaonekana mwepesi wa rangi kuliko majike wa aina yake, mwenye moja amekolea zaidi, anakaribia majike. Wengine huwaondoa madume yaliyopauka wakidhani ni dhaifu, na kumbe wanatupa yale yenye jeni mbili.

Faida ya pembeni ni kubwa. Katika mchanganyiko ule wa mtetea wa milia na jogoo mweusi, vifaranga wa kiume huzaliwa weusi wenye doa jeupe juu ya kichwa, na wa kike hawana. Siku ya kwanza unajua matembe wako wangapi, na anayefuga kwa mayai hahitaji kulisha majogoo miezi minne bila kujua. Uangalie mapema, manyoya yakianza kuota doa linapotea. Na mchanganyiko ukiwa kinyume, jogoo wa milia mwenye jeni mbili kwa jike mweusi, doa huwa kwa wote na halikuambii kitu.

Jogoo wa shingo nyeupe ana rangi ya shaba

Jirani wa tatizo lililopita. Ile rangi ya fedha, ambapo shingo na mgongo vingekuwa vyekundu lakini vimekuwa vyeupe, nayo iko kwenye kromosomu ya jinsia. Jike ana jeni moja tu, kwa hiyo ni fedha au ni dhahabu, hana pa kuficha. Jogoo anaweza kuwa na moja ya kila aina, na mara nyingi utamwona ana manjano ya shaba shingoni au mabegani. Kwanza hakikisha si jua, kwa njia nitakayoieleza. Kama si jua, mpe mitetea wa fedha na uangalie mabinti tu: nusu wakitoka dhahabu, jogoo amechanganya. Mabinti wa fedha watakaopatikana ni safi kabisa, waweke. Ndugu zao wa kiume ni wa kutilia shaka.

Mweusi anageuka kahawia, mweupe anageuka manjano

Hapa tunatoka kwenye damu. Unyoya ukishakomaa hauna uhai tena, uko kama kucha: hauwezi kupokea rangi mpya wala kujitengeneza. Rangi yote iliwekwa ndani yake ulipokuwa unaota. Baada ya hapo jua, mvua na udongo huufanyia kazi mpaka utakapodondoka.

Kipimo ni rahisi. Mshike kuku, fungua bawa, linganisha sehemu ya unyoya inayopigwa na jua na ile inayofunikwa na unyoya wa juu yake. Chini ni mweusi wa kung'aa na juu ni kahawia, huyo amebabuliwa. Kaskazi ya Januari na Februari ndiyo mbaya zaidi, na kuku anayeshinda kwenye uwanja mtupu huonekana mzee kuliko umri. Kivuli cha mwembe au migomba kinatosha, na anayemtayarisha kuku kwa mauzo amfungie pa kivuli tangu manyoya mapya yanapoanza kuchomoza.

Kwa weupe, anza na maji. Sehemu nyingi za Pemba zina udongo mwekundu, na kuku hujigaragaza humo kutwa. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mkaushe vizuri, ndipo useme ana manjano. Ikibaki baada ya kuoshwa ni jua. Mahindi ya njano nayo yanalaumiwa na wafugaji wa kuku weupe, kwa sababu ya chembe za manjano zilizomo. Ukiyabadilisha kwa mtama wakati wa kuota manyoya hupotezi kitu.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia kuku hunyonyoka majira ya baridi yanapokaribia na siku zinapokuwa fupi. Pemba ipo kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, mchana wetu haubadiliki vya kutosha kuwapangia kuku kalenda. Wa kwetu hunyonyoka kila mmoja kwa wakati wake, mara nyingi baada ya kutaga kwa muda mrefu au baada ya kulea. Andika lini kila mmoja ananyonyoka, kwa sababu wiki hizo ndizo utakazoweza kuisaidia rangi yake.

Weupe wa mbawani kwa kuku aliyepaswa kuwa wa rangi

Kama ni unyoya mmoja au miwili, tafuta kovu. Palipojeruhiwa na mwewe, na mwenzake au na mlango wa banda, shina la unyoya huweza kuharibika na linalofuata likatoka jeupe. Hilo halirithiwi.

Kama ni kundi zima la vifaranga, na weupe umetokea kwa wingi kwenye manyoya ya mbawa, fungua ndoo ya chakula. Upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, huzuia rangi kuingia kwenye manyoya yanayoota. Ukosefu wa madini ya shaba au chuma, au wa asidi ya foliki, nao unaweza kuleta hali hiyo kwa vifaranga. Sasa tazama tunachowapa: mahindi yaliyoparazwa, pumba za mpunga, machicha ya nazi. Vyote hivyo vina laisini kidogo, na machicha ambayo watu huyaona ni chakula kizito ni dhaifu hasa upande huo. Dagaa ndiyo tiba iliyo karibu. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke, umwage maji, uwaanike tena, ndipo uwatwange. Chumvi nyingi huua vifaranga haraka kuliko unavyodhani. Ongeza majani ya mlonge na mchwa ukiwapata.

Manyoya yaliyokwishatoka meupe hayatageuka. Ukitaka uthibitisho, ng'oa unyoya mmoja mdogo wa mwilini kwa taratibu, rekebisha chakula, na subiri wiki kadhaa uone unaoota. Ukija na rangi yake, tatizo lilikuwa ndoo.

Mistari myembamba inayokata unyoya

Ukiinua unyoya kwenye mwanga ukaona mstari dhaifu umepita katikati, na manyoya mengi yana mstari mahali pale pale, siku hiyo kuku alipata msukosuko: homa, njaa, safari ndani ya tenga, minyoo, kubadilishwa banda. Haina tiba ila kungoja. Kingo zilizotafunwa na ngozi nyekundu ni chawa au utitiri. Nenda bandani usiku na tochi, angalia nyufa za fito, huko ndiko utitiri mwekundu hujificha mchana. Paka chokaa kwenye nyufa, na waachie kuku shimo la jivu na mchanga mkavu.

Kidimu na kishingo

Si rangi, lakini wapenda mapambo huuliza. Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja kwenda mbele, asizalishwe na kidimu mwenzake. Robo ya watoto watapata jeni mbili, na manyoya yao hujikunja kupita kiasi, hukatika na kuwaacha uchi. Mpe mwenzake wa manyoya laini, nusu ya watoto watakuwa vidimu wazuri.

Kishingo ni rahisi zaidi. Mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo ana jeni moja, na wawili wa namna hiyo watakutolea robo ya watoto wenye shingo iliyofunikwa. Asiye na kishada ana mbili, na manyoya yake kwa jumla yamepungua kwa kama asilimia 40, jambo linalomfaa katika joto letu.

Mtetea ameota mkia wa jogoo

Baada ya kunyonyoka, mtetea mzee amerudi na manyoya marefu ya kung'aa shingoni, mkia umejipinda, pengine ameanza kuwika. Wapo wanaomchinja siku hiyo hiyo kwa kuogopa mkosi. Kilichotokea ni kwamba ovari yake inayofanya kazi, kwa kawaida ya kushoto, imeharibika kwa ugonjwa au uzee. Homoni ya kike ndiyo inayompa jike vazi la jike. Ikikoma, manyoya yanayofuata huota kwa mtindo wa kiume. Hatagi tena, basi mchuzi si uamuzi mbaya, lakini mabinti zake hawana neno, usiwaondoe.

Rangi imepatikana, mayai hayaangui

Hii hutokea kwa wenye bidii zaidi. Umemrudisha binti kwa baba, kisha ndugu kwa ndugu, vazi limekuwa safi, na sasa katika mayai 12 wanatoka wanne, mmoja ana mguu mbovu. Kumrudisha binti kwa baba mara moja ni sawa, ndivyo rangi zinavyokamatwa. Kufanya hivyo mfululizo kunakusanya pamoja kasoro zote zilizokuwa zimejificha, kwa njia ile ile iliyoleta vifaranga weupe hapo juu.

Leta damu mpya kwa upande wa jike, si kwa kumbadilisha jogoo mkuu. Tembe mmoja mgeni mwenye umbo zuri, hata rangi yake ikiwa na kasoro, anaingizwa pembeni, na watoto wake pekee ndio wanaojaribiwa. Akiharibu, umepoteza kizimba kimoja badala ya kundi. Na mgeni yeyote, awe katoka Makunduchi au kijiji cha pili, akae peke yake wiki tatu au nne kwanza, kwa sababu ugonjwa wa kideri hauchagui kuku wa mapambo. Chanjo yake ya tone la jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Hata hivyo jogoo wako bora usimwache bila mrithi: mwanawe mmoja, aliyefungwa uzi wa rangi mguuni na kuandikwa daftarini, apelekwe kwa jamaa wa shehia nyingine, kwa sharti kwamba asichinjiwe mgeni.